Ordinatere ya zamani, feza kidogo: uanzie wapi?



Pengine hata katika nyumba yako iko moja. Imekaa pembeni ya salo, juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa. Ilinunuliwa okazio wakati mtoto mkubwa alipoanza masomo ya juu, na siku ile jamaa yote ilikusanyika kuitazama. Leo unaiwasha, unakwenda kuchota maji, unarudi, haijafunguka bado. Na kijana wako anasema: "Papa, hii mashini ilishakufa. Batoto ya jirani beko banacheza mupira ku ordinatere yabo, siye tunaangalia tu. Tuuze hii, tununue ingine."

Utamjibu nini? Mashini mpya ni bei kali. Na kumfukuza kijana kwa maneno makali hakusaidii, kwa maana atakwenda kucheza kwa wengine, mahali usipopajua. Lakini mbele ya kujibu, tusikilize habari hii.

Kijana mmoja wa Likasi, wa mwaka wa tano wa sekondari, alikuwa na ordinatere ya namna hiyo. Mchezo wa mpira ulikuwa unakatika-katika kwenye ekrani. Rafiki zake wakamwambia: "Weka karti ya picha ya nguvu, itaisha." Siku zile mama yake alikuwa amemkabidhi minervale ya miezi mitatu. Akaichanga na akiba yake ya kuuza kredi za simu, akapanda gari mpaka Lubumbashi, akanunua karti kubwa yenye vantilatere mbili. Alipofika nyumbani, karti ilikuwa ndefu kuliko sanduku. Tena iliomba waya wa umeme ambao mashini yake haikuwa nao. Muuzaji akamjibu kwa simu: "Kitu ikishatoka hapa, hairudi tena." Juma lile lile akafukuzwa darasani juu ya minervale.

Kuhusu mashini, kosa lake halikuwa kupenda mchezo. Alitafuta dawa mbele ya kujua ugonjwa. Ordinatere ya zamani haikosi kila kitu. Mara nyingi inakosa kitu kimoja ao viwili. Ukivijua, feza kidogo inaweza kutosha.

ULIZA MASHINI YENYEWE

Hatua hii haiombi hata franka moja. Fungua mchezo unaoutaka. Unapoanza kuwa mzito, bonyeza pamoja vidole vya Ctrl, Shift na Esc. Kwenye Windows utaona orodha yenye hesabu kwa mia: prosesere, memwari, disiki. Kile kinachofika karibu na 100 kwa mia ndicho kinachozuia vingine.

Kisha fanya jaribio la pili. Ndani ya mchezo, tafuta mahali pa kupanga ukubwa wa picha. Kama iko 1920 kwa 1080, ipunguze mpaka 1280 kwa 720. Mashini iliyokuwa inachora nukta 2,073,600 kwa kila picha sasa itachora 921,600, ni kusema chini ya nusu. Kama mchezo unakuwa mwepesi, mzigo ulikuwa wa picha. Kama haubadiliki, mzigo uko kwa prosesere ao kwa memwari. Wengi wanamaliza safari yao hapa: mchezo unachezeka, na mfuko haujafunguliwa.

VUMBI LETU JEKUNDU

Sisi watu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi tunalijua vumbi la kiangazi, malori yanapopita. Vumbi hilo linaingia ndani ya sanduku, linafunika vyuma vya kupozea, na prosesere inapata moto. Prosesere ikipata moto sana, inapunguza mwendo yenyewe kusudi isiungue. Wewe unasema mashini imezeeka, kumbe inakosa hewa.

Zima, chomoa waya kwenye ukuta, fungua sanduku, pangusa kwa brosi laini na kavu. Shika vantilatere kwa kidole isizunguke ovyo. Usitumie kitambaa chenye maji hata kidogo. Na mbele ya kugusa vitu vya ndani, gusa kwanza chuma cha sanduku, kwa maana cheche ndogo ya mwili wako inaweza kuua memwari. Kama mashini ina miaka kumi ao zaidi, uombe fundi abadilishe ile dawa nzito iliyo katikati ya prosesere na chuma chake, kwa sababu inakauka.

MEMWARI NA DISIKI

Fikiri juu ya mama anayepika. Memwari ni meza yake, disiki ni kabati. Meza ikiwa ndogo, kila mara anaacha sufuria kwenda kabatini. Mashini yenye memwari ya GB 4 inafanya vile: Windows peke yake inakamata sehemu kubwa ya meza. GB 8 inatosha kwa michezo mingi ya miaka iliyopita. Ukifika GB 16, utapumua vizuri.

Angalia mambo matatu. Kwanza, DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na ile ya ordinatere ya kubeba ni fupi. Basi chomoa memwari yako, uende nayo sokoni, ulinganishe. Pili, memwari mbili zinazofanana ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu prosesere inazisoma zote mbili pamoja. Hiyo inasaidia zaidi mashini isiyo na karti ya picha, kwa kuwa picha zake zinaazima memwari ile ile. Tatu, kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiongeza. Weka kwanza ile ya biti 64.

Disiki ya zamani inazunguka, na sindano yake inatafuta huku na huku. Inasoma karibu MB 100 ao 150 kwa sekunde, na inapotafuta vipande vidogo inachoka kabisa. Disiki ya SSD haina kitu kinachozunguka. Hata ile ya kawaida inayofungwa kwa waya wa SATA inafika karibu MB 500. Haitaongeza mwendo wa mpira mchezo ukiisha kufunguka, lakini mashini itawaka upesi na mchezo hautakuwa unasimama-simama kwa kungoja. SSD ya GB 240 inatosha kuanza. Ile ya zamani uiache ndani, itunze picha za ndoa na kazi za shule. Lakini hizo uzinakili kwingine mbele ya kugusa kitu chochote.

KARTI YA PICHA IWE YA MWISHO

Tuchukue mfano wa mashini moja ya ofisi: OptiPlex 7010 ya Dell, ile ya mwaka 2012. Ikiwa na prosesere ya Core i5-3470 yenye viini 4, bado inaweza kazi. Lakini ile ya sanduku la kusimama ina alimantasyo ya wati 275 tu, na mahali pa kuchomeka karti panatoa wati 75, si zaidi. Basi karti yako isipite hapo, na isiombe waya mwingine. GeForce GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 inakula wati 75. Chagua ile isiyo na tundu la waya wa umeme. Pima urefu wa nafasi kwa rula mbele ya kwenda. Kama sanduku lako ni jembamba, utahitaji karti ya kimo kifupi.

Jihadhari na mtego huu: GT 1030 ziko mbili kwa jina moja. Ile ya mwaka 2017 ina memwari ya GDDR5. Ile ya mwaka 2018 ina DDR4, na njia yake ya kupitisha picha ni kama theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Soma maandiko ya karti yenyewe, usisikilize maneno ya muuzaji tu. Tena mwombe aiwashe mbele ya macho yako.

Na usisahau umeme wetu. Unakatika, unarudi kwa nguvu, na pigo moja linaweza kumaliza yote uliyonunua. Mtu asiye na stabilizatere aanze kununua hiyo, karti ingoje.

MICHEZO YENYEWE

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali prosesere ya miaka ile katika orodha yake. Usinunue mashini nyingine juu ya hilo peke yake. Linux Mint ni ya bure na inakwenda vizuri kwenye mashini za zamani. Michezo ya bure na ya halali iko pia: SuperTuxKart ni ya mashindano ya magari madogo, hata mtoto wa miaka sita anaicheza, na 0 A.D. ni ya kujenga miji ya kale na kuilinda. Lakini michezo ya wizi inayopita kwa flashi, kutoka mkono mpaka mkono, inaleta viruso. Mkristo hawezi kuomba baraka juu ya kitu cha kuiba.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Wazazi wapenzi, fungueni sanduku lile pamoja na mtoto. Ndani mtaona kitu mnachokijua. Waya ni shaba. Ncha za memwari zimepakwa zahabu. Vyuma vimeungwa kwa bati. Na kama ni ordinatere ya kubeba, betri yake mara nyingi ina kobalti. Babu zetu na baba zetu walitoa jasho, wengine walitoa maisha, kusudi vitu hivi vitoke udongoni. Kitu kilichotoka kwa taabu namna hiyo kinastahili kutengenezwa. Na kama mashini imekufa kweli, msichome waya zake kutafuta shaba: moshi wa plastiki ni sumu, na mtoto ndiye anauvuta wa kwanza.

Vijana wapenzi, katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu mwenye kujenga mnara, ambaye inampasa kukaa chini na kupiga hesabu mbele ya jiwe la kwanza. Kaeni nanyi. Andikeni kwenye karatasi: mashini inakosa nini, bei kwa wauzaji watatu, feza iliyopo ni ya nani. Lile ulizo la mwisho ndilo kubwa. Feza ya minervale si yako hata kama iko mfukoni mwako.

Na yule kijana wa Likasi? Siku tatu hakusema kitu. Ya nne akamwambia mama yake yote. Mama alilia, kisha akachukua karatasi na bike, akakaa naye mezani. Waliuza karti kwa hasara. Minervale ikalipwa yote mbele ya kitu kingine, na sehemu iliyopunguka kijana aliitafuta mwenyewe kwa kuuza kredi. Miezi ikapita. Walipopangusa vumbi, walipata memwari moja tu ya GB 4 ndani. Wakanunua ya pili inayofanana nayo, na nyuma SSD ndogo. Karti hawakununua tena. Wamepunguza picha, na mpira unachezwa. Asubuhi mama anaandika hesabu za biashara yake kwenye mashini ile ile.

"Ile karti ilinifundisha," kijana anasema. "Lakini mama njo alinifundisha zaidi. Hakunipiga. Alisema tu: leta karatasi, tuhesabu."

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni kitu gani tulikihukumu kuwa kimekufa mbele ya kukipangusa vumbi?
2. Mtoto akikosa katika mambo ya feza, atakuwa na ujasiri wa kutuambia? Kama sivyo, ni juu ya nini?
3. Tumeweka saa ngapi za mchezo, na saa ngapi za masomo na maombi?