Mpiga Picha wa Theluji

Wengi wetu theluji tumeiona kwa mbali tu, juu ya kilele cha Kilimanjaro. Lakini katika jimbo la Vermont, nchi ya Marekani, wakati wa baridi hushuka hata kufunika mashamba. Huko alikaa mkulima mmoja, jina lake Wilson Bentley. Aliunganisha kamera na hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo, na baada ya kushindwa mara nyingi, tarehe 15 Januari 1885 akapata picha ya chembe moja ya theluji. Umri wake ulikuwa miaka 19.

Ilimpasa kufanya kazi katika kibanda kisicho na moto, kwa maana chembe ile huyeyuka upesi mno. Aliipokea juu ya ubao mweusi, akaiinua kwa kijiti chembamba, huku amezuia pumzi, asije akaiharibu kwa joto la kinywa chake. Alipiga picha zaidi ya 5,000, na chembe nyingi zina pembe sita, nzuri mfano wa ua.

Majira ya joto alipiga picha za umande juu ya utando wa buibui. Tena mvua iliponyesha, alitoa nje sahani ya unga; kila tone likafanya donge dogo, naye akalipima.