Paa la Watu Mia Mbili

Haya, wajukuu, kaeni mkao wa safari. Leo tunakwenda Japani, kwenye milima ya mkoa wa Gifu, na kabla ya jua kuzama tutakuwa tumesharudi mjini. Mji wenyewe unaitwa Takayama. Basi linaondoka asubuhi, na haitimii saa moja litatushusha Ogimachi, kijiji kikubwa katika bonde la Shirakawa-go. Msitarajie kuona mengi njiani, maana sehemu kubwa ya barabara imepita matumboni mwa milima. Handaki moja tu lina urefu wa zaidi ya kilomita 10. Kipande hiki cha barabara kuu kilifunguliwa mwaka 2008. Zamani, theluji ikianguka, bonde lilijifunga. Asiyekuwa na kitu ndani alisubiri hadi miezi ya baridi ipite, au alikwenda kwa jirani.

Tumeshuka. Mbele yetu ni mto Shogawa, na juu yake daraja refu jembamba la waendao kwa miguu. Linayumba kidogo, shikeni ukingo, msirukeruke. Sasa tazameni ng'ambo.

Naona mmeduwaa. Ndiyo, zile ni nyumba, na watu wanalala humo. Paa ni refu kuliko kuta, limeinama kwa nyuzi zinazokaribia 60, na Wajapani huyafananisha mapaa haya na viganja viwili vya mtu anayesali. Theluji ya hapa hujaa hata kupita kimo cha mtu mzima, na ni nzito. Ikilala juu ya paa bapa, boriti zitavunjika. Juu ya paa lenye mwinamo mkali inateleza na kuanguka chini. Tena angalieni, nyumba karibu zote zimeelekea upande mmoja, kufuata bonde. Upepo unaopita bondeni unakutana na ncha ya nyumba, haupigi ubavu wake, na jua linakausha upande huu wa paa asubuhi na ule mwingine alasiri.

Tuingie nyumba ya ukoo wa Wada, iliyo kubwa kuliko zote kijijini na inayopokea wageni. Viatu mlangoni! Katikati ya chumba kuna meko yaliyochimbwa sakafuni. Moshi hauna dohani. Unapanda polepole, unapenya dari na kutokea kwenye nyasi zilizoezekwa paani. Macho yanawasha kidogo, najua. Lakini moshi huo ndio unaofukuza wadudu, unakausha nyasi na kuzipaka masizi miti na kamba, zisioze. Nyumba isiyokokwa moto paa lake huchakaa mapema.

Tupande ngazi. Hapa juu ndipo ninapopapenda mimi. Inueni vichwa mtafute msumari. Tafuteni tena. Haupo! Makombamoyo yote yamefungwa kwa kamba za majani ya mpunga na fito za mti uitwao mansaku. Fito hufungwa zikiwa mbichi, zimesokotwa zikalainika. Zikikauka zinakaza kuliko kamba yoyote. Miguu ya makombamoyo nayo imechongwa ncha na kukalishwa ndani ya vishimo kwenye boriti, haikupigiliwa. Upepo ukija, nyumba inajinyonga kidogo kisha inarudi mahali pake.

Na ile boriti iliyopinda kama mguu wa mtu aliyepiga goti? Fundi hakukosea. Mlimani, miti michanga hulemewa na theluji, ikainama shinani, kisha ikaendelea kukua kwenda juu. Mafundi waliichagua hiyohiyo iliyopinda, wakaiweka pale ambapo uzito unahitaji kupokelewa.

Ghorofa hizi pana hazikuwa vyumba vya kulala. Zilikuwa za viwavi wa hariri. Walitandazwa kwenye treya, wakalishwa majani ya mforosadi usiku na mchana, na joto la meko likawafikia kutoka chini. Na chini kabisa, kando ya meko, kulikuwa na kazi nyingine, nayo inanuka. Walichimba shimo, wakalijaza tabaka za udongo, majani ya porini, kinyesi cha viwavi na hata mkojo. Cheka, cheka tu! Baada ya miaka kadhaa udongo ule ulitoa shura, na shura ndiyo roho ya baruti. Vijiji vya jirani, bonde la Gokayama, viliipeleka kwa mabwana wa Kaga waliotawala kutoka Kanazawa. Shura ya bei nafuu ilipoanza kuingia kutoka nchi za nje, mashimo yakaachwa.

Sasa niwaulize: paa kama hili huezekwa na nani? Nyasi hudumu miaka 30 au 40, kisha lazima paa liezuliwe na kuezekwa upya. Familia moja haiwezi hata kukata nyasi za kutosha. Kwa hiyo kulikuwa na msaragambo wao, wanaouita yui. Siku ikipangwa, kila nyumba inatoa watu: mia, mia mbili, wote juu ya paa moja, na upande mmoja unakamilika kwa siku moja. Wanaume wanapanga nyasi nje. Ndani ya paa, gizani na vumbini, kuna wa kupokea sindano. Ni sindano ya mti, ndefu kuliko mkono. Aliye nje anaidunga na kamba yake, aliye ndani anaizungushia ufito na kuirudisha. Wanashona paa! Wengine wako jikoni, kwa sababu watu mia mbili hawali upepo.

Na kuna daftari. Nyumba ilileta watu wangapi, kamba ngapi, mizigo mingapi ya nyasi, yote yaliandikwa, ili zamu ya jirani ikifika deni lilipwe kwa kazi. Napenda sana daftari hilo. Wengine hutusimulia ujirani kana kwamba watu wa kale walikuwa malaika tu. Hawa walikuwa wema na hesabu wanajua.

Hata hivyo nyumba nyingi zilipotea. Bwawa la Miboro, lililokamilika mwaka 1961, lilizamisha vijiji vya juu ya mto huu huu. Nyumba nyingine ziliuzwa, zikang'olewa na kusimamishwa miji ya mbali. Mwaka 1971 wenyeji wa Ogimachi wakaapizana mambo matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. UNESCO ilikuja kuvitambua Ogimachi na vijiji viwili vya Gokayama, Ainokura na Suganuma, mwaka 1995. Na vijana wakiwa wamehamia mijini, yui hupata msaada wa watu wa kujitolea: nyumba ya ukoo wa Nagase ilipoezekwa mwaka 2001, walikusanyika watu wapatao 500.

Kabla basi halijaja, nani ameona vibanda vidogo vilivyotapakaa kati ya mashamba ya mpunga? Msidhani ni mabanda ya kuku. Ndani mna mizinga ya maji. Nyasi kavu na meko ya wazi ni majirani hatari, basi wenyeji hupokezana zamu kila siku, wakizunguka kijiji kukumbushana kuhusu moto. Na kila mwaka, majani ya miti yakishageuka mekundu, mizinga hufunguliwa yote kwa pamoja kujaribiwa. Maji yanaruka juu kupita mapaa, kijiji kizima kinafunikwa na mvua iliyotoka ardhini, na wageni wasiojua pa kusimama wanarudi kwenye basi wakiwa chepechepe.