Vivinjari vya Zamani na Wajibu wa Mbunifu wa Tovuti

Kivinjari ni programu inayopokea msimbo wa ukurasa kutoka kwenye seva na kumwonyesha mtumiaji maandishi, picha na vitufe. Na kwa kuwa lugha za msimbo huo huongezewa uwezo kila mara, kivinjari kisichosasishwa hufika mahali kikaletewa maagizo ambayo hakiyaelewi. Hapo ndipo unapozuka ubishi wa siku nyingi miongoni mwa wabunifu wa tovuti: je, mwenye kivinjari cha zamani atengenezewe njia, au aambiwe akasasishe kwanza?

Chuki ya wabunifu dhidi ya programu hizo kuukuu ina asili yake. Internet Explorer 6 ilitolewa na Microsoft mwaka 2001, ikalitawala soko, na toleo lililoifuata halikuonekana hadi mwaka 2006, ilhali kanuni za CSS, yaani lugha inayopanga rangi, vipimo na mahali pa kila kitu kwenye ukurasa, ilizifuata kwa kubahatisha. Kisanduku kilichoegemezwa upande mmoja na kuagiziwa nafasi ya pikseli 10 pembeni kiliweza kupewa 20, na mbunifu akalazimika kuandika viraka kwa ajili ya kivinjari hicho kimoja. Mwaka 2010 Google ilianza kukiondolea huduma zake, na mwaka 2011 Microsoft yenyewe ikaanzisha kampeni ya kuwasihi watu wakiache.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haki kwa kompyuta za ofisini, ambazo mara nyingi zingeweza kuwekewa kivinjari kingine bila malipo, lakini haistahili kuhamishiwa kwenye simu. Simu hupokea masasisho ya mfumo kwa hisani ya mtengenezaji, naye huacha kuyatuma baada ya miaka michache hata kama kifaa bado ni kizima. Mwaka 2020 Let's Encrypt, shirika linalotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti, lilieleza kuwa asilimia 33.8 ya vifaa vya Android vilikuwa na matoleo ya chini ya 7.1. Toleo la 2.5 la KaiOS, mfumo wa simu za bei nafuu kama zile zilizouzwa Tanzania kwa jina la Smart Kitochi, hutumia injini ya kivinjari cha Firefox ya mwaka 2016. Mwenye simu ya namna hiyo akiandikiwa asasishe kivinjari chake, hana pa kubonyeza.

Jawabu la maana zaidi lilielezwa mwaka 2003 na Steven Champeon na Nick Finck, waliopendekeza ukurasa ujengwe kwa tabaka: kwanza maudhui kwa HTML tupu, lugha inayoeleza sehemu za ukurasa, kisha mapambo ya CSS, na mwisho JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo. Mpangilio huo una mantiki ya kiufundi, kwa sababu kivinjari kikikutana na agizo la HTML au CSS kisilolijua hulipita na kuendelea, lakini katika JavaScript alama moja ya sarufi mpya inatosha kuizuia faili nzima isifanye kazi. Kurasa za matokeo ya mitihani za NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa majedwali ya HTML yasiyo na urembo wowote, huchekwa na wabunifu. Hata hivyo ni vigumu kupata simu yenye intaneti itakayoshindwa kuzifungua.

Wapo wanaojitetea kwa takwimu, wakisema kuwa wageni wenye vivinjari vya zamani ni wachache mno kwenye tovuti yao. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, aliupunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi kilobaiti 98, akashangaa kuona wastani wa muda wa kuufungua ukiongezeka: watu wa Afrika, Amerika ya Kusini na kwingineko, ambao awali wangesubiri zaidi ya dakika 20, sasa walikuwa wakiufungua kwa dakika mbili na ushei, na kwa mara ya kwanza wakahesabiwa. Jaribio hilo lilihusu uzito wa ukurasa, si umri wa kivinjari, lakini mtego wa takwimu ni uleule, kwani aliyeshindwa kuingia haachi alama.

Panapohusika usalama, hata hivyo, huruma ina mpaka. TLS 1.0, itifaki ya mwaka 1999 ya kusimba mawasiliano ili yasisomwe njiani, ilipigwa marufuku katika malipo ya kadi kuanzia 30 Juni 2018, na benki inayomkatalia mteja mwenye kivinjari kisichojua itifaki nyingine inamlinda yeye na fedha zake. Lakini ukurasa wa matawi na saa za kazi hauhitaji kukaa kwenye seva moja na ule wa kuingilia akaunti, na menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli, haihitaji kivinjari cha aina yoyote.