Ofisi ya Serikali Ikihama, Viti na Meza Huenda Wapi?

Kuna swali linaloulizwa sana barazani na mara nyingi huishia kwenye kicheko. Ofisi ya serikali ikihama au jengo lake likifungwa, zile meza, viti, makabati, feni na mabati huenda wapi? Mmoja atakwambia mkubwa keshabeba kitambo. Mwengine atakwambia hizo ni takataka tu. Kisheria, majibu yote mawili si sawa.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti zetu sita za Pwani zimeona ofisi zikihama, zikiunganishwa na zikijengwa upya. Kila ofisi inapohama, nyuma hubaki mali. Mali hiyo imenunuliwa kwa kodi ya mvuvi, ya mama muuza mahamri na ya dereva wa tuktuk. Ni amana, na amana ina utaratibu wake.

Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015, pamoja na kanuni zake za mwaka 2020. Kwa ufupi ni hivi. Mfanyakazi anayesimamia vifaa akiona vimeharibika, vimepitwa na wakati au vimezidi mahitaji, hupeleka habari kwa kamati ya uuzaji wa mali kupitia mkuu wa ununuzi. Kamati huvikagua na kupendekeza njia. Mkuu wa ofisi anayewajibika kwa matumizi ya fedha ndiye anayeidhinisha au kukataa.

Njia zilizotajwa na sheria ni tano: kuvihamishia ofisi nyengine ya umma, kuviuza kwa zabuni ya wazi, kuvinadi kwa mnada wa hadhara, kubadilishana na muuzaji ili kupunguza bei ya vifaa vipya, au kuvitupa kwa utaratibu wa taka. Njia ya sita ya kupakia pikapu usiku haimo. Na sheria inakataza mali hiyo kuuziwa wafanyakazi wa ofisi hiyo hiyo au wanakamati wake, ila pale kanuni zinaporuhusu waziwazi.

Sasa tuje kwenye kazi, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapochanganyikiwa. Zipo biashara mbili tofauti. Ya kwanza ni kandarasi ya kuhamisha: serikali inakulipa wewe ubebe samani kutoka jengo la zamani hadi jipya. Hapo bei yako ikiwa nafuu na masharti umeyatimiza, una nafasi nzuri. Ya pili ni kununua vitu chakavu: wewe ndiye unayeilipa serikali. Hapo anayetoa bei ya juu ndiye anayepata, na mara nyingi huwekwa bei ya chini isiyopunguzwa na arbuni unayotoa kabla ya kushindana. Mtu akiingia ya pili kwa hesabu za ya kwanza, atarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa kandarasi ya kuhamisha, sheria imetufungulia mlango. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi au kampuni inayotaka nafasi hiyo lazima angalau asilimia 70 ya wanachama wake wawe wa makundi hayo, na uongozi wote uwe wao. Kaunti nazo zinatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya ununuzi wao kwa wakaazi wa kaunti hiyo. Hamali wenye mikokoteni, mwenye kanta na fundi seremala wakijisajili pamoja, hii ni kazi wanayoiweza. Matangazo huwekwa kwenye tovuti ya serikali ya zabuni, tenders.go.ke, na huonekana bila malipo. Na ukishindana ukaona umedhulumiwa, una siku 14 tangu ujulishwe matokeo kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Kukagua Zabuni.

Lakini kazi hii ina hatari zake, na mjomba asikuingize bila kukwambia. Kwanza ni makaratasi. Kabati la ofisi mara nyingi huuzwa bila mtu kuvuta droo. Kumbukumbu za umma haziharibiwi wala hazitupwi bila idhini chini ya sheria ya hifadhi ya nyaraka. Sisi Wapwani tunajua faili ya shamba ikipotea inavyoweza kutesa familia vizazi viwili. Nilishaona mimi, nyuma ya ofisi moja, makabati yamerundikwa chini ya mwarobaini, mengine yakiwa bado na faili ndani zikinyeshewa.

Pili ni jengo lenyewe. Majengo mengi ya zamani ya serikali yameezekwa kwa asbestosi. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu, na maradhi yake, saratani ikiwemo, huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Haivunjwi kwa nyundo wala haichukuliwi kwenda kuezekea banda la kuku. Huondolewa na wenye leseni, kwa masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Pia kabla ya ukuta wa kwanza kuanguka, umeme na maji vikatwe rasmi na kibali cha kaunti kiwepo. Na kama jengo limo Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, idara ya makavazi nayo lazima iulizwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo ukiona ofisi ya mtaani kwenu inafungwa, usiishie kulalamika kahawani. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi ndani ya siku 21. Andika barua fupi, uombe vitu vitatu: orodha ya mali iliyokuwemo, uamuzi wa kamati ya uuzaji, na risiti ya pesa zilizoingia au hati ya ofisi iliyopokea vifaa. Barua ipigwe muhuri wa kupokewa, nakala ubaki nayo. Shule ya kijijini isiyo na madawati ina haki ya kujua meza arubaini zimeenda wapi.