Seva ya Akiba: Uliza Kabla ya Kulipa

Kompyuta 20 za shule moja ya Simbo zikipakua sasisho lile lile, data hulipiwa mara 20. Seva ya akiba, ikiwekwa katika kompyuta kuu ya taasisi, huhifadhi nakala ya kwanza. Zinazofuata huchukua hapo hapo bila kugusa kifurushi.

Hata hivyo, tunawatahadharisha watumiaji. Kurasa nyingi za leo husafiri zikiwa zimefungwa kwa msimbo, na seva haiwezi kuzihifadhi bila kuzifungua. Fundi anayependekeza kuzifungua ataweza kuona hata nywila zenu: mkatalieni.

Akiba iwe ya masasisho na vitabu vya masomo. Miamala na taarifa binafsi zipite bila kuguswa, na sharti hilo liandikwe katika mkataba.