Kulwa na Doto hawatoki wodini siku moja

Saa tisa usiku akina mama wa wodi ya watoto njiti huamka bila kuamshwa. Mmoja anajifunga khanga, ananawa mikono kwa sabuni, anakaa kwenye benchi na vikombe viwili vyenye plasta iliyoandikwa kwa kalamu: Pacha wa 1, Pacha wa 2. Anakamua. Akimaliza atakwenda kwanza kwa Kulwa mwenye gramu 1,200, kisha kwa Doto mwenye gramu 900, na akirudi kujilaza saa ya kulisha tena itakuwa inakaribia. Mama huyu ni wa mfano. Nimemuunganisha kutoka kwa wengi niliowahudumia. Watoto wake walizaliwa mimba ikiwa na wiki 29.

Usukumani pacha anayetangulia huitwa Kulwa na anayefuata Doto, na majina hayo yamesambaa Tanzania nzima. Wodini tunawaita hivyo hata kabla wazazi hawajachagua majina mengine.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba ndiye tunayemwita njiti. Mapacha huangukia huko mara nyingi kuliko mtoto wa peke yake: mfuko wa uzazi hutanuka mapema, shinikizo la damu la mama hupanda kwa urahisi zaidi, na wale wanaochangia kondo moja la nyuma wakati mwingine hawagawani damu sawasawa, mmoja akanenepa na mwenzake akadumaa. Hakuna kosa la mama hapo. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ya kwanza karibu kila mama huniuliza kama ni ile ndoo ya maji aliyobeba.

Swali la pili huwa moja: “Daktari, tutatoka lini?” Linastahili jibu la hesabu, si la kubembeleza. Wiki ya kwanza njiti hupungua uzito, na humchukua kama siku 14 kurudi pale alipozaliwa. Baada ya hapo tunatarajia aongeze gramu 15 hivi kila siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa Kulwa hizo ni gramu 18, kama vijiko vinne vya chai vya sukari. Kwa Doto ni 13 au 14. Tuseme hospitali inaruhusu mtoto akifika gramu 1,800 huku akinyonya vizuri na kuendelea kuongezeka. Kulwa atafika hapo karibu siku ya 41. Doto, mambo yakienda sawa, siku ya 60. Wamezaliwa kwa tofauti ya dakika chache, wataruhusiwa kwa tofauti ya karibu wiki tatu. Na njia haiendi sawa kila siku: maambukizi kidogo tu au tumbo kujaa gesi huweza kumrudisha mtoto nyuma wiki nzima.

Ndiyo maana nawaomba wazazi waone mafaili mawili tangu mwanzo. Asubuhi watoto hupimwa uzito, na macho ya mama huenda kwenye namba ya Kulwa kabla ya kuangalia ya Doto. “Mwenzake kaongeza ishirini, huyu kaongeza nane.” Doto si mvivu wala hajakataa kukua. Amezaliwa mdogo zaidi, ana akiba kidogo ya mafuta mwilini, na sehemu kubwa ya anachokula anaimalizia kutengeneza joto na kuvuta pumzi. Mlinganishe na Doto wa juzi. Hata sisi wahudumu hukosea hapa, tukisema mbele ya mama “huyu mzuri, yule bado”. Nimesikia maneno hayo yakimfanya mama apite haraka kwenye kitanda cha mdogo, kwa woga wa kumpenda mtoto anayedhani ataondoka.

Mashine zinatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Mapafu ya wiki 29 bado hayana utelezi wa kutosha unaozuia vifuko vya hewa kushikana, kwa hiyo hewa husukumwa puani kwa mrija ili visifunge. Ubongo nao haujakomaa, na mtoto husahau kupumua. Ndivyo tunavyosema wodini: kasahau. Akinyamaza sekunde 20 kengele inalia, muuguzi anamsugua mgongo au unyayo, naye anakumbuka. Dawa ya kumwamsha ubongo ni kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa, kwa kipimo cha daktari. Tatizo hili mara nyingi huisha lenyewe kufikia wakati ambao mimba ingekuwa na wiki 34 hadi 36. Oksijeni nayo ni dawa na ina kipimo chake: ikipungua inaumiza, ikizidi inaumiza pia, hasa macho. Mzazi akiona namba ya oksijeni kwenye mashine inasoma 100 wakati wote huku mtoto akiwa kwenye oksijeni, ana haki ya kuuliza.

Sasa maziwa, ambako mama ana nguvu kuliko yeyote kati yetu. Mtoto wa wiki 29 hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Uwezo huo huja karibu wiki ya 34. Kabla ya hapo analishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Maziwa ya mama ndiyo kinga bora tuliyo nayo dhidi ya ugonjwa wa utumbo kuoza, ambao huua njiti wengi. Kwa hiyo kukamua kuanze ndani ya saa chache baada ya kujifungua, hata yakitoka matone tu, na kurudiwe angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Yale matone ya kwanza ya manjano yasitupwe. Tunayapaka ndani ya mashavu ya kila mmoja.

Mama Pacha huishi na hofu kwamba hatawatosha wote wawili. Tupige hesabu tena. Njiti anayepokea maziwa vizuri hupandishwa taratibu hadi mililita 150 hivi kwa kila kilo kwa siku. Kulwa atahitaji 180, Doto 135. Jumla ni mililita 315, ambazo hazifiki theluthi ya lita. Nimeona mabega ya mama yakishuka akisikia hivyo. Kinachokausha maziwa mara nyingi ni njaa, kiu, maumivu ya mshono, na kulala sakafuni mbali na watoto.

Jambo jingine lililo mikononi mwa familia ni kifua. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria na mwenzake Héctor Martínez walikuwa na wodi iliyojaa, inkubeta chache na maambukizi mengi, wakaanza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo tunaiita kangaruu. Kwa miaka mingi ilitumika kwa mtoto aliyekwisha kutulia. Kisha mwaka 2021 ukachapishwa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukiwa na watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na pungufu ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie, walikaa hapo karibu saa 17 kwa siku. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 12, wakati kwa waliosubiri kama ilivyozoeleka walifariki asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikwisha kuonekana. Mwaka 2022 shirika hilo likashauri kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

Kwa mapacha inawezekana kuwabeba wote wawili. Kila mmoja hulazwa upande wake wa kifua, uchi isipokuwa nepi, kofia na soksi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa pembeni na kuinuliwa kidogo ili koo lisijipinde. Khanga inafungwa hadi chini ya sikio, isilegee, isimbane tumbo. Mama akae nusu ameegama, asilale chali kabisa. Lakini saa 17 na watoto wawili ni mzigo mzito kwa mwanamke aliyepasuliwa juzi, na hapo namwita baba. Ngozi yake ina joto lile lile. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, akina baba walikuwa wakichungulia dirishani dakika tano, tena kwa zamu, kama wageni. Hilo bado linaniuma. Baba anayefungua shati na kumpokea Doto anampa mama saa mbili za usingizi, na mtoto hapoi. Bibi anaweza pia, shangazi anaweza pia, ilimradi hana kikohozi, mafua wala jipu, na amenawa mikono hadi viwiko.

Pwani mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku 40, akakandwa kwa maji ya moto, akapikiwa. Kilimanjaro atapewa mtori. Mama wa njiti hupitisha arobaini yake kwenye benchi la hospitali, na mara nyingi ndugu hawaleti chochote kwa sababu “mtoto hajaonekana bado”. Leteni chakula sasa. Leteni uji asubuhi na supu jioni, khanga safi, nauli. Chukueni mtoto mkubwa aliyebaki nyumbani, mjue shule anaendaje. Msilete dawa za kienyeji za kumtia mtoto mdomoni, hata tone. Mwajiri naye ana wajibu: Tanzania ilirekebisha sheria za kazi, na kuanzia 2025 mama aliyejifungua njiti anaongezewa likizo. Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa na mwanamke ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ilikuwa miongoni mwa walioipigania.

Kuna wodi ambamo Doto hafiki siku ya 60. Sitalipita hili kwa kunyamaza. Mama aliyezaa wawili akabaki na mmoja huambiwa ashukuru, na neno hilo humfungia kilio ndani, kwa sababu kila akimkamulia aliyebaki mkono wake unatafuta kikombe cha pili. Mwacheni amtaje kwa jina. Mkimzika, mkimfanyia dua au misa, mama asipewe taarifa tu akiwa wodini. Tafuteni namna ashiriki. Na aliyebaki aendelee kuitwa Kulwa.

Siku ya Kulwa kuruhusiwa huwa ngumu kwa namna yake. Yeye yuko tayari, Doto bado ana mpira puani. Pale nafasi inapopatikana napendelea mama abaki na wote wawili hospitalini, Kulwa akiwa kifuani. Isipowezekana, familia iamue nani analala na nani, na maziwa yatasafirishwaje, kabla karatasi hazijasainiwa, si getini bajaji ikisubiri. Mama anayelazimika kuondoka na mmoja huwa analia njia nzima. Anayempokea nyumbani ajue hivyo, asimshangilie kwa vigelegele akidhani ni furaha tupu.

Nyumbani kutakuwa na majirani wenye kuhesabu miezi. Kulwa na Doto walizaliwa wiki 11 kabla ya wakati, kwa hiyo wakifikisha miezi sita ya kalenda, kwa kukaa, kushika na kucheka wapimwe kama watoto wa miezi mitatu na nusu. Tunaendelea kuondoa wiki hizo hadi miaka miwili. Chanjo hazifuati hesabu hiyo. Zinafuata tarehe ya kuzaliwa, isipokuwa daktari akieleza vinginevyo. Matone ya madini ya chuma yasikatizwe kwa kuwa mtoto amenenepa.

Na kuna kipimo kimoja ambacho huponyoka kwa urahisi. Mishipa ya damu iliyo sehemu ya nyuma ndani ya jicho la njiti inaweza kukua vibaya, kimya, bila wekundu wala machozi, na hali hiyo ikichelewa kuonekana mtoto anaweza kupofuka. Inatazamwa karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa, kisha hurudiwa hadi mishipa ikomae, na tiba ina muda mfupi wa kufanya kazi. Kulwa anaporuhusiwa huenda bado hajamaliza marudio hayo, na akishafika nyumbani hakuna atakayemfuata. Omba tarehe ya macho iandikwe kwenye kadi yake, halafu omba nyingine, kwenye kadi ya Doto.