Hariri ya Msituni Kakamega

Mtu wa Pwani akisikia neno hariri, moyo wake huvuka bahari. Huwaza Maskati, Surati na Uchina. Huwaza nguo za bibi harusi zilizokunjwa sandukuni na kufukizwa udi. Wala si ajabu. Pate, kisiwa chetu wenyewe, ilisifika zama za Wareno kwa vitambaa vyake vya hariri. Mafundi wake walikuwa wakifumua hariri iliyotoka ng'ambo, kisha wakaifuma upya kwa mkono wao. Uzi ulikuwa wa wageni, ufundi ulikuwa wetu.

Kumbe uzi nao tunao, tena bara, kule kwa Waluhya. Msitu wa Kakamega ni kipande kilichosalia nchini Kenya cha ule msitu mkuu wa mvua unaotokea Kongo. Humo anaishi nondo ambaye wataalamu humwita Anaphe panda. Kiwavi wake hana haja na majani ya mforsadi kama yule wa Uchina. Chakula chake huko ni majani ya mti uitwao Bridelia micrantha.

Maisha ya mdudu huyu yananistaajabisha. Nondo jike hutaga mayai kwa fungu moja chini ya jani. Wakianguliwa, viwavi hula pamoja na kutembea kwa msururu, mmoja nyuma ya mwenziwe kama watoto wa chuoni wakiongozwa zafani. Wakati wa kujifunika ukiwadia, hujenga nyumba moja. Ukuta wa nje huufuma kwa ushirika, kisha kila mmoja hujisokotea chumba chake ndani. Kiota kimoja huweza kuwa na vyumba kwa makumi, hata mamia.

Mzee mmoja wa Kiisukha, karibu na Isecheno, alinitilia kiota kama hicho mkononi. Kilikuwa cha rangi ya hudhurungi, chepesi, kikavu kama karatasi.

"Usiguse uso, mzee wangu, mpaka unawe," akaniambia.

Vinyweleo vya kiwavi hubaki kiotani, navyo huwasha vibaya. Nilicheka moyoni, maana tulisomeshwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir kuvaa hariri kwa sababu ya upele uliowawasha. Hapa ni hariri yenyewe iwashayo kabla haijasafishwa!

Usafishaji ndio kazi. Kifukofuko cha Uchina ni uzi mmoja mrefu, na mdudu huuliwa kwa joto akiwa ndani ili asiutoboe. Hariri ya Kakamega haivutiki hivyo. Huchemshwa kwa magadi ili gundi itoke, ikachambuliwa na kusokotwa kama pamba. Basi hakuna lazima ya kuua: nondo huachwa atoke aende zake, binadamu akarithi nyumba. Wayoruba wa Nigeria wameufuma uzi wa jamii hii tangu kale, na kitambaa chake, sanyan, ni vazi la heshima kwao.

Wanaume wenzangu wasivunjike moyo. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kilichokatazwa kwa mwanamume ni nguo ambayo hariri yake imezidi kwa uzani. Ikichanganywa na pamba, pamba ikawa nyingi, hapana tatizo.

Kituo cha wadudu cha icipe, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiliufanyia utafiti msitu huu katika miaka ya 2000. Viwavi walipofunikwa kwa vyandarua juu ya matawi, walipona wengi kuliko walioachwa wazi kwa maadui zao.

Lakini chandarua hakizuii shoka. Mti ule ule hutoa kuni nzuri, makaa na miti ya kujengea. Ukikatwa leo, chungu kitachemka jioni. Ukiachwa, utaleta viota msimu baada ya msimu, ila lazima apatikane mnunuzi. Nasi wanunuzi tumekaa Mombasa, tukiuziwa nailoni na poliesta kwa jina la hariri, na tunalipa!

Yule mzee aliniuliza kama huku kwetu wangaliko wafumaji. Nilimwambia wafumaji ni wachache, ila wavaaji ni tele. Akanionyesha mti wake mpakani mwa shamba: ameuzungushia kamba shinani, ili wanawe wajue kwamba huo haukatwi.